Malkia Mkata Sabuni

Jenerali Kinyago aliuawa Jumatano mbele ya watu wazima wenye akili zao, na Alhamisi akarudi, amekaa mezani anakula ndizi. Hapo ndipo benchi la mbele lilipovunjika.

"Huyu tulimzika jana," alisema dereva bodaboda mmoja, amesimama juu ya benchi hilohilo kabla halijakata roho. "Alichomwa upanga, akahutubia nusu saa, akafa. Leo anakula ndizi za nani?"

Nurudini, kijana mwenye banda la video, alijaribu kusema kwamba labda huyu ni pacha wa marehemu. Watu wa Kasulu wanaweza kukuvumilia mambo mengi, lakini si pacha. Walitoka nje kwa mkupuo mmoja, wakamwacha na Jenerali wake, na ndizi, na vipande vya benchi.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Jumatano alikuwa ameonyesha filamu ya kumi, Alhamisi akaonyesha ya pili. Lakini angejuaje? Jeshi la Mawingu ilikuwa katuni ndefu ya Kijapani, filamu kumi na moja zilizoshindiliwa kwenye diski kama dagaa kwenye gunia, hakuna aliyejua ipi kichwa ipi mkia. Gamba la diski lilikuwa na maandishi ya Kichina na picha ya mwanamke mwenye bunduki ambaye hakutokea katika filamu hata moja.

Na msidhani ni katuni za kuwabembelezea watoto. Mle kulikuwa na vita, mapenzi, usaliti, na kijana mwenye nywele zilizosimama kama moto wa kifuu, ambaye watazamaji walimwita Nywele-Moto kwa sababu jina lake la Kijapani lilikuwa linawavunja meno. Zaidi ya yote kulikuwa na sauti ya Bazilio wa Kibondo.

Bazilio ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa huko kwao Kibondo na kinasa sauti, akaingiza Kiswahili juu ya filamu za watu, kisha diski zikasambaa mabanda yote ya Kibondo na Kasulu. Kijapani alikijua kama mbuzi anavyojua kupiga simu. Alitazama midomo inavyocheza, akaamua mwenyewe wanasema nini. Kwa hiyo katika mikono yake, wanajeshi wa mawinguni walikula ugali wa muhogo na maharage, Jenerali Kinyago alikuwa mwenyeji wa Heru Juu, na Malkia wa Mawingu, mwanamke mwenye kasri angani na walinzi wasiohesabika, kila akikaa dirishani na kufikiri, Bazilio alisema anakata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vya kuuza reja reja.

Hapo banda zima lilicheka. Ajabu ni kwamba wazee walicheka kuliko vijana, na wanawake waliokuwa wakipita nje walisimama mlangoni, wakasikiliza, wakaondoka wakishikana mabega.

Nurudini mwenyewe hakuwahi kukaa akatazama filamu moja mpaka mwisho. Mwenye banda hatazami. Mwenye banda yuko mlangoni anazuia wanaotaka kuingia kwa maneno matamu, au yuko nyuma anabembeleza jenereta. Katika miaka minne tangu amalize kidato cha nne na kuamua kwamba biashara inamfaa kuliko kurudia mtihani wa hesabu, alikuwa amesikia Jeshi la Mawingu vipande vipande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani huku anaoga.

Baada ya mkasa wa benchi aliamua kuandika mwongozo. Ilikuwa Desemba, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, na alitaka sikukuu aonyeshe filamu zote kwa mpangilio wake, Jumamosi na Jumapili, mwanzo hadi mwisho. Akatafuta ubao mkubwa, akaupaka rangi nyeusi, akautundika nje kati ya mlango wa banda na duka la mama yake. Juu akaandika kwa chaki: MWONGOZO WA MTAZAMAJI. USIPOFUATA, USIVUNJE BENCHI. Chini yake akaacha nafasi ya filamu kumi na moja na akatangaza mtaa mzima kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, jioni, ubao utajaa.

Kwa mpangilio alimhitaji Cadet, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyekuja Kasulu siku za soko kuuza magamba ya simu. Cadet alikuwa ameziona zote kwao Uvira, kwa Kifaransa, na alizikumbuka kama wengine wanavyokumbuka ukoo. Benchi likiwa kwa fundi na banda limefungwa, walijifungia wawili mchana kweupe, wakaanza.

"Hii ni ya kwanza," Cadet alisema. "Unaona? Nywele zake bado fupi. Kila film nywele inaota."

Nurudini akaandika kwenye karatasi, atahamishia ubaoni baadaye: *Ya kwanza. Ina maneno mengi. Ukiwa na haraka ya kuona damu, nenda kanywe chai, rudi ya pili.* Ya pili: *Hapa Jenerali yuko hai. Tafadhali sana, yuko hai.* Ya tatu: *Msichana wa nywele za bluu anampenda Nywele-Moto. Nywele-Moto haoni. Wanaume wa Kasulu mjifunze.*

Katika filamu ya nne Malkia alisimama dirishani peke yake, mvua inanyesha juu ya kasri. Sauti ya Bazilio ikasema polepole: "Nilivuka na mtoto asiye wangu. Mwenye mtoto, mwanamke mmoja ambaye jina lake hatulijui, alibaki njiani. Alinikabidhi kwa mikono yake, akasema mpe jina lolote utakalo, ila asilale njaa."

"Mutoto gani?" Cadet aliuliza.

"Wa kwake."

"Ule mama hana mutoto hata moya, ndugu yangu. Analalamikia mvua. Anasema mvua itaharibu maua."

Nurudini akacheka. Bazilio alikuwa Bazilio. Akaandika: *Ya nne. Malkia anapata mtoto bila kuchafua kasri.*

Katika filamu ya sita merikebu ya vita ilipaa juu ya milima, na Bazilio akaeleza kwamba Malkia amekaa juu ya makreti ya sabuni, kwenye lori, anatoka Munanila. Nurudini akacheka tena, lakini kicheko hiki kilitoka kifupi kidogo. Mama yake, Bi Asia, ambaye duka lake liliegemeana na banda hili, alikuwa akienda soko la Munanila na sabuni zamani, kabla magoti hayajamkataza. Aliwahi kulitaja mara moja tu, na akabadilisha mazungumzo.

Kisha ikaja ya saba. Malkia alimtazama Nywele-Moto kwa mbali akiwa anafanya mazoezi ya upanga. Uso wa kijana ulijaa kioo chote, safi, hauna hata kipele. Bazilio akasema: "Hata akipotea kwenye umati nitamjua. Ana alama kama punje ya haragwe, nyuma ya sikio la kushoto."

Mkono wa Nurudini ulikwenda wenyewe. Hakuutuma. Ulipita shavuni, ukazunguka sikio la kushoto, ukagusa pale alipokuwa akigusa tangu utotoni kila akipata usingizi, pale ambapo mama yake alimwambia ni alama tu ya kuzaliwa nayo.

"Rudisha nyuma," alisema.

Cadet akarudisha. Bazilio akasema tena, kwa sauti ileile ya taratibu, haragwe, sikio, kushoto.

"Kwenye Kifaransa wanasema hivyo?"

"Hapana. Mu Français anasema yule kijana anashika upanga vibaya." Cadet aligeuka kumtazama, akauona mkono ulipo, akainuka bila kuuliza ruhusa, akachungulia nyuma ya sikio la rafiki yake. Aliigusa ile alama kwa kidole, akarudi kwenye kiti chake.

Waliendelea kwa sababu hawakujua jambo jingine la kufanya. Katika ya tisa Jenerali Kinyago, ambaye sasa Nurudini alielewa kwamba yuko hai kwa haki yake, alimwambia Malkia: "Huyu mtoto si wetu. Chagua mimi au yeye." Malkia akamfungulia mlango. Mzee Hamis, mume wa Bi Asia, mtu ambaye Nurudini alifundishwa kumwita baba kwenye picha, alihamia Ujiji kabla ya Nurudini kuota meno na hakurudi hata kwa salamu. Ilisemwa ni mambo ya biashara.

Karatasi ya mwongozo ilibaki kwenye goti lake, haina mzaha mpya. Alijaribu kuandika ya tisa, akaishia kwenye namba. Kijana huyu alikuwa amefanya mzaha msibani, polisi, na mbele ya mwalimu mkuu mwenye fimbo. Mara hii alifungua mdomo, akatafuta, akakuta ghala tupu.

"Mwaka jana," alisema mwishowe, "walipokuwa wanasaka wahamiaji, walimchukua Harerimana. Yule fundi wa matofali. Alikuwa amekaa mtaani kwetu tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu."

"Ninakumbuka."

"Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, nawachekesha wale wakaguzi."

Mtu wa kambini hahitaji kuelezwa karatasi za uraia ni nini.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kama mchana. Nurudini mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi ataionyesha hadithi hii, kwa mpangilio, mtaa mzima umekaa, spika imewashwa. Vipande vilivyotapakaa miaka yote ataviunga yeye, kwa mkono wake, kwa chaki. Kila mwenye masikio atasikia kwamba mtoto wa Bi Asia si wa Bi Asia, wala si wa upande huu wa mpaka. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na swali ambalo hakuweza kulipeleka dukani, kwa sababu kwenda pale kati ya ndoo za plastiki na kusema "Mama, wewe ni mama yangu?" ni jambo ambalo miguu yake ilikataa.

Ikakubali kwenda Kibondo.

Basi la asubuhi lilikwama kwenye tope mara kadhaa na lilifika baada ya adhuhuri. Studio ya Bazilio ilikuwa chumba nyuma ya kinyozi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoroke. Nurudini alitegemea jitu. Sauti ile ilikuwa ya mtu wa kubeba mlango peke yake. Alimkuta mzee mdogo, mwembamba, miguu haifiki chini kwenye kiti chake mwenyewe, anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee. Mimi natoka Kasulu, mtoto wa Bi Asia."

"Marahaba. Diski mpya bado." Bazilio aliinua macho kutoka kwenye kikombe, na kikombe kikabaki hewani. Alimtazama kijana kutoka juu hadi chini. Kisha, kwa sauti ya Malkia, na Jenerali, na ya wote waliowahi kufa na kufufuka katika banda la Nurudini, akasema: "Geuka upande."

Nurudini akageuka.

"Bado lipo," alisema Bazilio.

Nurudini alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, kwa bahati.

"Nilikuwa utingo," Bazilio alisema, baada ya kumpa uji wake mwenyewe anywe. "Mwaka ule wa tisini na tatu, Burundi imechafuka, watu wanavuka kama siafu. Sisi tulikuwa tumepeleka mzigo Munanila. Mama yako juu ya makreti yake ya sabuni. Soko halikufunguliwa, nani anunue sabuni anakimbia? Tukageuza. Kando ya barabara kuna binti amekaa, ana mtoto mchanga wa siku chache, na yeye mwenyewe hali yake mbaya, damu. Dereva akasema gari limejaa. Na kweli lilikuwa limejaa. Mama yako hakubishana naye. Alianza kushusha sabuni."

"Kushusha?"

"Alizishusha barabarani. Kreti kwa kreti, mpaka binti akapata pa kulala amenyooka. Mtaji wa mwaka mzima, kijana, ameuacha kwenye vumbi la Munanila, na hakugeuka kuutazama. Wewe tulikulaza kwenye kreti moja tupu. Msumari ukakukwaruza nyuma ya sikio. Hatukufika Heru Juu, yule binti akawa ametutoka."

Nje kinyozi alikuwa anacheka na mteja. Nurudini alisikia kicheko kile kama kinatoka wilaya nyingine.

"Sasa kwa nini ukaitia kwenye katuni?"

Bazilio alionekana kuudhika kidogo, kama fundi aliyeulizwa kwa nini ametumia misumari. "Yule malkia anaongea. Amekaa dirishani, midomo inakwenda, inakwenda, haimalizi. Mimi nimewasha kinasa. Nikinyamaza, watu watasema spika imekufa. Nijaze nini? Nilijaza ninachokijua. Na malkia ninayemjua mimi ni mmoja."

Nurudini akatazama uji.

"Tena niliikata," Bazilio aliendelea kujitetea. "Kidogo huku, kidogo kule. Nilisema hakuna mtu mwenye kazi yake atakayekaa atazame zote kumi na moja kwa mpangilio. Wewe huna kazi?"

"Ninaandika mwongozo."

"Wa katuni."

"Wa katuni."

Bazilio alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, huzuni ya taifa zima.

"Yule binti aliitwa nani?" Nurudini aliuliza akiwa amesimama mlangoni.

"Sikumuuliza. Nilikuwa utingo, nilikuwa na matairi yangu. Na mama yako usimwambie kama nimemtia humo. Bi Asia na katuni wapi na wapi. Akijua atanifuata mpaka hapa, na mimi umri huu sikimbii tena."

Ijumaa jioni watu walipita kuangalia ubao. Nurudini alikuwa ameujaza. Ya tisa ilitangulia, ikafuatiwa na ya pili, na ya kumi na moja, na ya tano. Hakuweka mzaha hata mmoja, ndiyo maana waliosoma walidhani anaumwa.

Cadet alikuja amebeba sanduku lake la magamba ya simu, akasoma, akasoma tena.

"Ordre gani hii, mupangilio gani? Umelewa?"

Nurudini alimvuta pembeni, akamweleza ya Kibondo kwa maneno machache, kwa sauti ya chini. Cadet alisikiliza akitazama viatu vyake. Kisha akaweka sanduku chini, akamnyang'anya chaki.

"Kama unaficha, ficha muzuri," alisema. "Ya ine na ya saba haziwezi kukaa siku moya. Muntu mwenye akili ataunganisha." Akafuta ya nne, akaipeleka Jumapili, mwishoni kabisa, saa ambayo watoto wanasinzia na wakubwa wanatafuta viatu. Akarudi nyuma hatua kutazama kazi yake, kama mchoraji. "Sasa hata mimi sielewi."

Mlango wa duka ukalia. Bi Asia alitoka, mwanamke mnene wa mwendo wa taratibu, uzi wa kukatia sabuni bado umezungushwa kidoleni. Alisimama mbele ya ubao, akasogeza miwani, akasoma kuanzia juu hadi chini huku midomo ikitembea.

"Nani amepanga hivi?"

"Mimi, Mama."

"Umepanga vibaya." Aliinua kidole chenye uzi. "Ya tisa haiwezi kutangulia. Hapo Jenerali anasema mtoto si wetu. Mtoto mwenyewe hajaingia mpaka ya nne. Watu watajuaje ni mtoto yupi?"

Cadet aliachia chaki. Ilianguka na kuvunjika na hakuna aliyeinama kuiokota.

Nurudini alitazama mdomo wa mama yake kana kwamba ni filamu na Bazilio ndiye anayesema. "Mama," alisema, "wewe umeziona lini?"

"Sijaona hata moja. Mle ndani mnanuka miguu." Bi Asia alifungua uzi kidoleni, akaanza kuukunja taratibu. "Nimezisikia. Kati yangu na spika yako kuna bati moja, Nuru. Siku ya kwanza niliyosikia habari ya sabuni niliinuka nikavae viatu, niende Kibondo nikamtie Bazilio adabu. Nimefika mlangoni, nikakaa. Nikasema acha aseme. Labda na mwanangu yuko humo ndani anasikia."

"Sikusikia."

"Ninajua hukusikia. Ulikuwa kwenye jenereta. Miaka yote uko kwenye jenereta."

Nurudini alitafuta kitu cha kukalia, akakipata, ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa ya dukani, ya kuuza, na siku nyingine angesemwa.

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Bi Asia alimaliza kuukunja uzi. "Nilianza mara nyingi. Nikikuita, Nuru, kaa chini nina neno, unaniuliza kama nimepata mchumba. Nikianza tena unaigiza sauti ya shehe. Nacheka. Nikishacheka, mwanangu, ninakosa nguvu ya kulisema."

Hilo lilimpiga mahali ambapo Bazilio hakupafikia. Cadet, kwa hekima ya watu waliopoteza mengi, alijifanya anapanga magamba ya simu.

"Watu wakisikia kesho," Nurudini alisema, "watajua. Mtaa mzima. Na wakija tena wale wa msako..."

Bi Asia alimtazama kana kwamba amemuuliza iwapo Kasulu kuna udongo mwekundu.

"Watajua nini? Niliingia mtaa huu na mtoto mgongoni na maiti kwenye lori. Sikuwa na mimba, na walikuwa na macho. Kaburi walichimba wao. Bibi Epifania, huyu hapa wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na kitoto cha miezi minne, akakunyonyesha wewe na yeye pamoja, huku na huku."

"Epifania?"

"Ulipomwandikia binti yake barua ya mapenzi, kidato cha pili, akakutoa mbio na mwiko, ulidhani ni kwa sababu gani?"

"Nilidhani ni kwa sababu hatuna gari."

"Ni dada yako wa kunyonya, mpumbavu wewe."

Cadet alikohoa ndani ya sanduku.

"Na mwaka jana walipokuja kuuliza," Bi Asia alisema, "wewe uko mlangoni unawachekesha, unadhani mzaha wako ndio uliowaondoa. Epifania alisimama katikati ya barabara akawaambia huyu amenyonya ziwa langu, anayemtaka aanze na mimi. Fundi Harerimana tulimtetea hivyohivyo, hatukuweza. Wewe tuliweza."

Nurudini alitazama barabara. Muuza nyanya alikuwa palepale, na kinyozi wa mtaa, na vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao. Wazee waliocheka kila Malkia aliposhika uzi. Wanawake waliosimama mlangoni wakashikana mabega. Alikuwa amewauzia watu hawa hadithi yake mwenyewe, na katika banda zima asiyeijua alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa anakusanya kiingilio.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

"Immakulata. Aliniambia mara mbili, nisije nikasahau." Bi Asia aliingiza uzi mfukoni. "Sasa panga sawa. Nimechoka kuisikia vipande vipande."

Cadet aliokota kipande kirefu cha chaki, akampa.

Jumamosi watu walianza kuja mapema. Walikuja hata wale ambao hawakuwahi kuingia, wanawake wamebeba vigoda vyao wenyewe, Bi Asia mbele yao, kanga puani kwa ajili ya miguu ya watu. Ya kwanza ilionekana ndefu, kama mwongozo mpya ulivyoonya. Katika ya pili Jenerali alipokula ndizi, yule dereva bodaboda aliinua mkono kukiri kwamba sasa ameelewa. Ya tatu vijana walipiga miluzi.

Ya nne ilipoanza, banda lilipoa. Mvua ilinyesha juu ya kasri. Malkia akaja dirishani, na Bazilio akasema taratibu kwamba alivuka na mtoto asiye wake, na mwenye mtoto, mwanamke mmoja ambaye jina lake hatulijui, alibaki njiani.

Nurudini alikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote. Alipita pembeni ya ukuta mpaka kwenye deki, akasimamisha picha. Malkia akabaki mdomo wazi. Kulikuwa na kipaza sauti kidogo alichokitumia kutangazia filamu za kesho. Alikiwasha. Watu walisubiri, wakidhani ni mzaha, kwa sababu kila aliposhika kitu kile kilitoka mzaha.

"Immakulata," alisema.

Kisha akakizima na kuiachia filamu iendelee. Hakuna aliyegeuka. Vichwa vyote vilitazama mbele kwa bidii, kama wanafunzi mkaguzi akiwa darasani. Ila kwenye benchi jipya, bado linanuka randa, Bibi Epifania alisogea kidogo, akapapasa mbao kando yake kwa kiganja, na Nurudini akaiacha jenereta ijihangaikie, akaenda akakaa.